Kiasi Si Katikati

Habari ya kuuawa kwa baba mdogo ilinikuta Columbus, Ohio, katika chumba ninachopanga karibu na chuo, nikitayarisha somo la wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Somo lenyewe lilikuwa juu ya kiasi katika mafundisho ya Kikonfusio. Ninasomea falsafa ya kale ya Kichina, jambo ambalo watu wa nyumbani wamelizoea bila kulielewa, kama vile mtu anavyomzoea mtoto anayekula kwa mkono wa kushoto.

Aliyepiga simu ni baba, kutoka Louisville. Hakulia. Alisema kwa Kiswahili chetu cha Kivu, sauti yake ikiwa kavu, "Bon. Mudogo wangu bamemuua. Mama yako iko muzuri. Kula kitu." Kisha akakata.

Nilikaa na simu mkononi. Kilichonitia hofu hakikuwa kifo peke yake, kwa maana vifo vya nyumbani tumevipokea kwa simu tangu nikiwa mdogo. Kilichonitia hofu ni yale maneno kwamba mama yuko mzuri. Sikuwa nimemuuliza.

Baba ni mtu wa milimani, juu kabisa Kivu ya Kusini, kwenye baridi na ng'ombe. Mama ametoka chini, kando ya ziwa. Walioana kabla vita havijawafundisha watu kuulizana wametoka upande gani, na ndiyo sababu nyumbani kwetu lugha ilikuwa Kiswahili: kila mmoja aliiacha ya kwao kwa ajili ya mwenzake. Baba mdogo aliuawa njiani, akiwahamisha ng'ombe. Hakuna aliyeona. Lakini kabla ya jioni simu za watu wetu kote Marekani zilikuwa zimejaa sauti za watu waliokuwa na hakika: waliomuua ni watu wa ziwani.

Louisville watu wa pande zote mbili walikuwa wanasali kanisa moja, wanaimba kwaya moja, na wengi wanafanya kazi katika viwanda vya Jeffersontown. Baba alikuwa mkubwa wa wazee wa kanisa. Asubuhi aliwapakia wenzake kwenye gari lake, wa juu na wa chini, akawapeleka kiwandani ambako wanapanga vifuniko vya plastiki kwenye maboksi. Alisifiwa kwa upole. Ukimkanyaga mguu, yeye ndiye anayeomba radhi. Watu walipogombana, aliwasikiliza wote wawili, akawaambia wote wawili kwamba wana haki, akafunga kwa maombi.

Nilijaribu kuendelea na somo langu. Tatizo la kwanza lilikuwa neno. Nilikuwa nikiandika kwa Kiingereza, lakini siwezi kuliamini wazo mpaka nilisikie kwa Kiswahili. Ukisema wastani, unasikia matokeo ya mtihani. Ukisema katikati, unaona mtu amesimama baina ya magari. Kiasi ni neno la kanisani, wanalitumia kwa pombe na kwa urefu wa sketi. Na hawa walimu wa kale hawakuwa wakizungumzia lolote kati ya hayo. Walisema kwamba huzuni ina kipimo chake, na hasira ina chake, na furaha vilevile, na kipimo hicho hubadilika kwa jambo na kwa saa. Kuna saa ambayo kulia sana ndiyo kiasi. Kuna saa ambayo waziri anayemuona mfalme wake anapotea, naye akakubaliana naye ili nyumba iwe na amani, amevuka mpaka wa kiasi kuliko yule anayepiga kelele. Anayeishikilia katikati bila kupima, walisema, ni mkaidi sawa na anayeshikilia ukingo.

Na mtu waliyemchukia kuliko wote hakuwa mlevi wala katili. Alikuwa mtu mpole anayesifiwa na kijiji kizima kwa sababu hajawahi kumkataza mtu jambo lolote. Huyo walimwita mwizi wa wema. Niliandika sentensi hiyo, nikaona uso wa baba yangu. Nikafunga kompyuta.

Siku ya pili kaka yangu alipiga simu kutoka Buffalo. Ni mkubwa wangu, tunamwita yaya, anafanya kazi katika ghala la mizigo huko kwenye theluji. Kwa miaka ya karibuni sauti yake imekuwa ndiyo inayosikilizwa zaidi katika makundi ya simu ya vijana wa milimani.

"Ijumaa napita kukuchukua," alisema. "Jumamosi iko matanga. Papa atasema mbele ya batu yote ni nani alimuua mudogo wake."

"Na asiposema?"

"Mi nitasema."

Ijumaa alifika mchana, macho mekundu, theluji ya Buffalo bado imeganda juu ya gari lake wakati Columbus palikuwa pakavu. Tukashika barabara ya kusini. Alikuwa ameweka sauti za simu zicheze ndani ya gari, moja baada ya nyingine: wazee, akina mama, mtu mmoja aliyekuwa analia na kutukana kwa pamoja. Tulipolipita jiji la Cincinnati nilimwomba azime.

"Yaya, na mama?"

"Mama ni mama."

"Mama ni mtu wa ziwani."

"Usinifundishe. Weye na papa muko sawasawa. Munacheka na huyu, munacheka na ule. Ndumilakuwili."

Neno hilo liliniingia. Nyoka mwenye vichwa viwili. Lilikuwa ndilo neno nililolitafuta siku zile zote kwa ajili ya yule mpole wa kijiji, nami nimelipata kwa kutukanwa.

Baada ya maili kadhaa akauliza, kama mtu anayetaka kupatana lakini hajui aanzie wapi, "Donc, hao Bachina bako banasema nini juu ya mambo kama hii?"

"Wanasema kuna wakati ambapo kukasirika ndiyo kuwa na kiasi."

Akacheka bila furaha. "Basi mi niko Muchina."

"Wanasema pia hasira iwe inajua inamfikia nani."

Akaongeza mwendo. Mikono yake ilibana usukani, na mimi nikaanza kuhesabu magari ya mizigo ili nisiwaze ukumbi wa kesho.

Nyumbani tulimkuta mama jikoni, anachambua ndagala, wale samaki wadogo wakavu wa ziwa lao, akitoa vichwa kimoja kimoja. Sombe, yale majani ya muhogo, ilikuwa tayari imetwangwa. Alinikumbatia kwa viwiko, maana vidole vilikuwa na harufu.

"Shangazi yenu amesema nisijisumbue," alisema. "Amesema bamama bengine batapika."

"Basi acha, mama."

"Nimepika kwenye matanga yao yote tangu tufike hii inchi. Huyu ni shemeji yangu. Ni yeye alinibebea mutoto siku tulikimbia." Alimtazama kaka. Mtoto aliyebebwa alikuwa yeye. "Nitapika."

Kaka alitoka nje akasimama kwenye baridi bila koti.

Baba alikuwa sebuleni, televisheni imezimwa. Nilikaa karibu naye.

"Papa, kesho utasema nini?"

"Nitaomba."

"Tu?"

Alifikiri. "Mwanangu, naogopa. Nikifungua hii kinywa, sijui kama itajifunga."

Nilikuwa nimetegemea anitulize, kama alivyotutuliza sote maisha yake yote. Nilipoona kwamba naye anaogopa, nikainuka nikaenda kumsaidia mama kuchambua ndagala.

Matanga yalifanyika adhuhuri katika ukumbi wa kanisa. Picha ya baba mdogo iliwekwa juu ya meza, ameshika fimbo, anacheka na mtu asiyeonekana. Watu wa milimani walikuja wengi. Wa ziwani walikuja wachache, wakakaa karibu na mlango, makoti mwilini. Nilikuwa nikiangalia mikono ya kaka yangu kuliko nilivyoangalia picha.

Sala ya kwanza ikapita, wimbo ukapita. Wanawake wakaanza kupanga vyakula. Mama aliingia na sufuria yake kubwa ameishika kwa vitambaa, akaiweka mezani pamoja na nyingine, akarudi kukaa. Shangazi, dada ya baba, akasimama. Ni mwanamke mrefu, macho yake yalikuwa yamevimba kwa kulia. Aliichukua ile sufuria, akatembea nayo polepole mbele ya watu wote, akaiweka chini sakafuni, nyuma ya mlango, pale wanapotundika makoti. Kisha akarudi mahali pake.

Mama aliangalia mapaja yake.

Kaka alinyanyuka. Kiti chake kilianguka. Mtu aliyeendesha gari kutoka Buffalo ili awataje watu wa ziwani mbele ya kadamnasi sasa alikuwa anaielekea meza ya shangazi yake mwenyewe, na nilijua kabisa anataka kuipindua. Nilimshika shati, likanitoka mkononi.

"Kaa," baba alisema.

Hakupaza sauti. Lakini sisi watoto wake hatukuwa tumewahi kuisikia sauti ile, na kaka alisimama pale alipofika.

Baba alisimama mbele ya picha. Aliikunja karatasi ya nyimbo akaitia mfukoni.

"Mudogo wangu ameuawa," alisema. "Mimi nimekasirika. Sijawahi kusema hivi hapa ndani, leo nasema. Nimekasirika na ule aliyemuua, na sijui jina yake. Mwenye kulijua, ambaye aliona na macho yake, aseme sasa."

Alingoja. Ukumbi mzima ulingoja naye. Nilisikia mashine ya joto ikiwaka ukutani.

"Bon. Lakini bibi yangu, mama ya hawa batoto, namujua jina. Mwenye kutupa chakula yake, ananitupa mimi. Asinipe mukono leo."

Nilisubiri aendelee. Nilimjua baba yangu: baada ya kila neno gumu huleta maneno kumi laini ya kulifunika. Safari hii hakuleta. Alikwenda nyuma ya mlango, akainama kwa shida kwa sababu ya mgongo wake, akaibeba sufuria mpaka mezani, akajipakulia.

Shangazi alisimama tena. "Kaka yangu," alisema, "mi sikatai chakula. Mi nakataa kusahau."

"Hakuna aliyekuambia usahau."

"Leo sitaweza kukula."

"Usile. Lakini isiwe chini."

Alichukua koti lake akatoka, akilia. Wengi wa milimani walimfuata. Sikuwalaumu wote, na sasa pia siwalaumu. Maiti ilikuwa yao. Waliobaki walikula, na wale wa ziwani waliokuwa karibu na mlango hawakujua wasogee au waondoke. Mzee mmoja wao alikuja akampa baba mkono. Kaka aliokota kiti chake. Alikula sombe ya mama akiwa ameinamisha kichwa, na machozi yakidondoka kwenye sahani.

Kwenye njia ya kurudi Columbus kaka hakufungulia zile sauti. Karibu tunafika alisema, "Papa alikasirika. Uliona?" Alisema kama mtu aliyeona theluji kwa mara ya kwanza. Hakusema kwamba amebadilika, na hajabadilika. Bado anapayuka katika makundi ya simu, na mimi bado naigeuza simu kifudifudi ninapoliona jina lake.

Nililifundisha lile somo wiki iliyofuata. Mwanafunzi mmoja, msichana wa hapo hapo Ohio, aliuliza mtu atakijuaje kipimo. Nilimpa jibu la vitabu: kwa mazoezi ya muda mrefu, kwa heshima za kila siku, kwa mpiga mshale aliyekosa shabaha kujichunguza mwenyewe kabla ya kuulaumu upepo. Akauliza, na kama umepima vibaya? Nikamwambia basi umepima vibaya, na watu watatoka nje wakilia. Aliliandika jibu hilo.

Kanisa liligawanyika kabla majira ya baridi hayajaisha. Familia nyingi za milimani zilipata ukumbi mwingine, na shangazi ni mmoja wao. Baba aliombwa apumzike uzee wa kanisa, akapumzika. Wenzake wawili walitafuta usafiri mwingine wa kwenda kiwandani. Nikimpigia na kumuuliza kama anajuta, anasema hajui, ila sasa usiku analala.

Mwezi uliopita mama alifiwa. Binamu yake aliuawa kwao ziwani, na safari hii sauti za simu zilisema waliomuua ni watu wa milimani. Matanga yaliwekwa nyumbani kwa ndugu zake, upande mwingine wa Louisville. Mama alimwambia baba abaki. Baba alivaa suti.

Alinipigia kabla hajatoka, nikamsihi asiende. Nilimwambia kuna ujasiri na kuna kujipeleka hatarini, na kwamba mtu mwenye kiasi angetuma rambirambi akae. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Ni vile kitabu inasema?" aliuliza.

"Kitabu hakisemi. Nasema mimi."

"Bon. Wewe unaogopa. Mimi pia."

Akaenda. Mchana ule wote sikufanya kitu. Nilizunguka mitaa ya chuo, simu mkononi, wanafunzi wakipita na kahawa zao, nikimpigia mama ambaye hakupokea. Niliwaza mlango, niliwaza vijana wao, niliwaza kaka akisikia habari huko Buffalo.

Simu iliita wakati jua linashuka.

"Nimetoka," baba alisema. "Bamenipa kiti."

"Walikusemesha?"

"Mumoja aliniuliza nimekuja kufanya nini. Nikamwambia, kulia. Akaniacha." Nilisikia mlango wa gari ukifungwa, na sauti ya mama ikimwambia afunge mkanda. "Kesho banazika kule ziwani. Nitarudi tena hapa kesho."

"Papa—"

"Najua," alisema. "Kula kitu."