Supu ya Alhamisi

Nina hasira hadi leo, na sitaki mtu aniambie ilikuwa supu tu.

Mimi ni Myahudi. Watu wa Stockholm wakisikia hivyo hunitazama uso, kisha nywele, kisha huuliza, "Kwani mumeo ni Myahudi?" Sina mume, na dini yangu sikuipata kwa ndoa. Nilizaliwa Kenya, nyanda za juu kwenye baridi, katika kutaniko dogo ambalo babu yangu na jirani zake walilianzisha walipoacha kanisa. Tulishika Sabato kabla umeme haujafika kwetu. Nguruwe simli, na nyama sichanganyi na maziwa. Kwa Mkenya hilo la pili si dogo: ukila nyama mchana, chai ya maziwa unaisahau hadi saa kadhaa zipite.

Ninaishi mtaa wa Bredäng na binti yangu wa miaka kumi na mitatu. Jikoni kwetu sufuria za nyama zimefungwa uzi mwekundu kwenye mkono, za maziwa uzi wa buluu. Nyama ya kosher, yaani iliyochinjwa kwa sheria yetu, haichinjwi nchini humu. Huletwa kutoka nje imeganda kama jiwe. Kwa hiyo mara nyingi sisi ni watu wa samaki, maharagwe na ugali.

Rafiki yangu tulikutana kazini, kwenye nyumba ya wazee huko Vällingby. Yeye ni Mkongo wa Bukavu, Mkristo, mcheshi. Siku ngumu alikuwa ananichekesha mpaka nashika ukuta. Mwenye nyumba aliyokuwa amepanga alipoitaka tena, nilimwambia aje kwangu mpaka apate nyingine. Siku ya kwanza nilimwonyesha sufuria.

"Nyekundu nyama, buluu maziwa," alisema. "Hiyo ni kitu ya mtoto. Siwezi kusahau."

Alikaa miezi miwili. Alinitania, nami nikacheka. Nilipokuwa naosha kijiko alichokosea, alikuwa anasema, "Yesu alishamaliza hizo mambo, dada." Nilidhani mzaha ule una mpaka.

Alhamisi moja, baada ya zamu ya asubuhi, tulienda wanne kula kwenye mkahawa mdogo karibu na maduka. Alhamisi Waswidi hula supu ya njegere na chapati za maji, na supu hiyo kwa kawaida hupikwa na nyama ya nguruwe. Wapo wenzangu wa dini wasiokula nje kabisa. Mimi hula, lakini nauliza kwanza, nauliza mpaka wahudumu wanichoke. Siku hiyo foleni ilikuwa ndefu na miguu ilikuwa imenivimba.

"Kaa chini," rafiki yangu akaniambia. "Miye nitakuulizia."

Akarudi na sinia. "Yako haina nyama. Wameipika kando."

Nilikula yote. Nilipangusa bakuli kwa mkate. Nilipoinua macho nikamwona mwenzetu Mswidi ameinamia sahani yake, mwekundu mpaka masikioni, na yule mwingine amejiziba mdomo anacheka.

"Ilikuwa tamu?" rafiki yangu akauliza.

"Tamu."

"Ni nguruwe! Nyama nimeitoa na kijiko, lakini imeiva mulemule. Ona, haukufa!"

Nilisukuma bakuli mbali. "Kwa nini umefanya hivi?"

"Ni mzaha, ma chérie. Tena siyo ya kwanza. Ile maharagwe ya Jumapili uliyosifu, ulifikiri utamu ulitoka wapi?"

Maharagwe ya Jumapili aliyapika yeye, kwenye chungu cha udongo nilichobebeshwa na mama yangu uwanja wa ndege, kimefungwa kwenye leso. Chungu hicho hakikuwahi kuona nyama wala maziwa. Nilisimama nikamwambia maneno ambayo sitayaandika. Mkahawa mzima uligeuka.

Nilipofika nyumbani nilipakia nguo zake, viatu vyake, Biblia yake, nikavipanga kwenye korido nje ya mlango. Binti yangu akanikuta. Yeye hunijibu kwa Kiswidi siku zote, na siku hiyo pia. Alisema nisijifanye mwendawazimu, ni chakula tu.

"Si chakula," nilimwambia. "Mtu amechukua mdomo wangu akautumia kama wake."

Jioni rafiki yangu alikuja na mwanamke mwenzake wa mtaa wa Fittja, wakabeba mizigo bila kugonga mlango. Kisha simu zikaanza. Akina mama wa Kongo, wa Burundi, hata Wakenya wenzangu. "Umemfukuza mwenzio kwa sababu ya maharagwe?" Mmoja wa huko Fittja akasema, "Sisi tulikimbia vita, wewe unalilia nguruwe?"

Nikamuuliza, "Jirani yako hapo Fittja ni Mwislamu. Angelishwa yeye, ungenipigia simu kumtetea aliyemlisha?"

Hakuomba radhi, alikata simu tu.

Nilimuuliza mwalimu wetu wa dini nifanye nini. Akasema mimi sikutenda kosa. Sufuria za chuma zichemshwe, udongo hausafishiki. Jumapili nzima nilichemsha sufuria moja baada ya nyingine mpaka madirisha yakatoka jasho. Chungu nilikifunga kwenye leso ile ya mama nikakipeleka chumba cha taka. Nilikaa humo dakika kadhaa, nimeshika ukingo wa pipa, nikimtukana mtu ambaye hakuwepo.

Wiki sita baadaye, zamu ilipoisha, rafiki yangu alinisubiri nje ya kazini.

"Nimekuja kuomba msamaha," alisema.

"Omba."

"Miezi mbili nilikaa kwako. Kila nikigusa kijiko, ulikuwa unaniangalia mikono. Nilijisikia mchafu."

"Kwa hiyo ukaamua unichafue mimi."

Nilitegemea akatae. "Ndiyo," alisema.

Hilo ndilo lililonikasirisha kuliko yote, kwa sababu lilikuwa kweli, na la mikono pia lilikuwa kweli. Nilikuwa namwangalia. Niliogopa akosee, na woga wangu aliuona usoni kama kinyaa. Lakini alikuwa na mdomo. Tulilala vyumba vinavyopakana, tulikunywa chai pamoja kila asubuhi, angeweza kusema. Nilimwambia hivyo. Alilia. Sikumkumbatia.

"Nimekusikia," nilisema, nikaenda kupanda treni.

Bado tunafanya kazi ghorofa moja. Mzee akitaka kuinuliwa kitandani, yeye anashika upande huu, mimi ule, tunahesabu pamoja moja, mbili, tatu. Tunazungumza juu ya dawa na shuka. Chakula changu ninakula peke yangu chumba cha kubadilishia nguo, kutoka kwenye kopo langu. Ameniuliza mara mbili kama anaweza kuja kumwona binti yangu. Binti naye anamkumbuka na kumuulizia. Mara mbili nimekataa. Akiuliza tena sijui nitajibu nini. Leo jibu ni hapana.