Sikio na Busta ya Mama Mkwe

"Mwezi uliopita umeninyima chumvi. Juzi ukaninyima sukari. Leo umeamua kuninyima dunia nzima. Kesho njoo na hicho kipimo chako unipime pumzi, ukiona zimezidi ukate."

Huyo ni mama mkwe, kajaa kwenye kiti chake, rimoti kaikumbatia kifuani kama mtoto mchanga. Anayesemwa ni mke wa mwanawe, kasimama mbele ya televisheni yenye chengachenga tupu, mkononi ana kisanduku cheusi kisichozidi sahani ya sabuni. Kazini wanamwita Sikio.

Sikio anaviringa waya wa kisanduku. Mtu aliyefanya kazi ya kusikiliza miaka kumi na sita, mdomo wake huwa umezoea likizo.

Kazi yenyewe ni ukaguzi wa masafa, katika mamlaka ya mawasiliano. Ukisikia hivyo unadhani anakalia kiti cha kuzunguka. Thubutu. Anayezunguka ni yeye, ndani ya gari lenye antena kwenye paa, na dereva wake anaitwa Gia Tatu kwa sababu gia ya nne hawajawahi kufahamiana.

Hewa hii unayoiona tupu si tupu hata kidogo. Imepimwa ikakatwa viwanja, bila jiwe la mpaka wala ua. Rubani ana chake, polisi wana chao, redio ya nyimbo ina chake, na shangazi yako anayekupigia simu kulalamika naye ana njia yake. Wote wanapita humohumo, kwa wakati mmoja, ndani ya ukuta, ndani ya kikombe chako cha chai, ndani ya hilo fuvu lako, na hakuna anayemkanyaga mwenzake. Siku ya kwanza kazini, Sikio alivalishwa vipokea sauti vya masikioni, mkuu wake akazungusha kitufe polepole, na sauti zikaanza kuchipuka moja moja kutoka pasipo na kitu. Machozi yakamtoka. Mkuu akakimbilia kuchomoa waya, akidhani kapigwa na umeme. Mpaka leo, akitoka nje asubuhi, Sikio hunyoosha kiganja hewani kama mtu anayepima manyunyu. Majirani wamemzoea.

Siku hiyohiyo akala kiapo: utakayoyasikia huko juu si yako. Humwambii mume, humwambii shoga, humwambii mtu.

Sasa, wiki tatu nyuma, kituo cha magari ya wagonjwa kilileta malalamiko. Kila siku kuanzia saa kumi na moja jioni mpaka saa moja, redio zao zinakoroma. Kituo kinaita, dereva anasikia mkoromo. Dereva anaita, kituo kinasikia mkoromo. Alhamisi moja gari liliitwa mara sita, likafika kwa mgonjwa limechelewa dakika ishirini. Sikio akapewa sauti zilizorekodiwa siku ile, pamoja na aliyoyasema dereva redioni juu ya mgonjwa baada ya gari kufika. Akazisikiliza mpaka mwisho, mara mbili. Kisha akaenda kunawa uso.

Wakausaka mji. Kila asubuhi Gia Tatu alimpitia nyumbani, na kabla ya kuondoka Sikio aliwasha mashine palepale getini kwake, maana lazima kwanza upate picha ya mahali palipotulia ndipo uende kutafuta penye fujo. Na mtaa gani ungetulia kama wake? Akaandika "kimya" daftarini, wakaenda kuwashuku watu wa mitaa mingine. Siku kumi na saba aliandika "kimya" mlangoni kwake. Asubuhi, lakini.

Siku ya kumi na nane akaomba zamu ya jioni. Saa kumi na moja na dakika mbili mshale wa mashine ukanyanyuka. Wakaufuata, wakapita soko, wakapita ukuta wa shule, wakakata kushoto kwa fundi cherehani. Kadiri mshale ulivyopanda ndivyo Sikio alivyozidi kuigonga mashine, akisema imeharibika. Gia Tatu akazima injini bila kuambiwa.

"Dada, hapa si kwako?"

Akaingia, akamwamkia mama mkwe, kisha akafanya anavyofanya kwa watu wote: kuzima kitu kimoja kimoja huku Gia Tatu akitazama mshale garini. Friji, bado. Taa, bado. Televisheni, bado. Akaiwasha tena, akafunua pazia. Nyuma yake palikuwa na busta ya antena, kile kisanduku cheusi cha kukuza mawimbi, ambacho mume wa Sikio alimfungia mama yake wiki nne zilizopita ili apate stesheni ya ng'ambo ya milima, alikozaliwa. Kila jioni bibi huichomeka kuanzia saa kumi na moja mpaka saa moja, wanaposoma habari kwa lugha ya kwao, na bibi huyu miaka arobaini alikuwa hajaisikia ila anapojisemea mwenyewe. Kumbe busta ilinunuliwa barabarani, haina hata kibandiko cha kuonyesha imepimwa. Badala ya kupokea tu, ilikuwa nayo inapiga mayowe kurudi hewani.

Sikio akaichomoa. Ndipo yakaja yale ya chumvi na sukari.

Mama mkwe alikuwa ndio kwanza anahamia kwenye ukoo wa Sikio, anauanzia kwa babu, mlango uliposukumwa. Gia Tatu kaingia na mashine ndogo ya mkononi, inanguruma hewa tupu, anataka dada aone mshale ulivyolala. Akaiweka mezani. Na kutoka kwenye utupu ule ikatoka sauti ya mwanaume, safi, kama kasimama dirishani, anasema amekata kona ya pili na anaiona nyumba. Sauti ya mwanamke ikamjibu: nakusikia vizuri.

Mama mkwe akatazama dari, akatazama dirisha, mwisho akaitazama meza.

"Nani hao?"

"Gari la wagonjwa, mama. Liko upande wa pili wa mji."

"Na limo humu ndani?"

"Siku zote limo. Ni sisi tulikuwa tunalizidi kelele."

Akaizima upesi, maana kiapo ni kiapo. Lakini bibi aliendelea kuikodolea macho mashine iliyozimwa, rimoti imemteleza hadi sakafuni na hakuna aliyeiokota.

Ikabaki fomu. Sheria inataka mwenye chombo asomewe. Sikio akaeleza kwamba busta iliyopimwa inaweza kuagizwa, itachukua miezi miwili. Akauliza kama ilivyoandikwa: je, mmiliki alitoa ushirikiano?

"Andika sikutoa," mama mkwe akasema, lakini bila nguvu.

Sikio akaandika "alitoa". Akasoma na madhara: Alhamisi, saa kumi na mbili jioni, wito haukusikika mara sita.

Bibi akashika kalamu, akaishikilia hewani.

"Alhamisi walisoma habari za daraja la kwetu. Mbuzi kalala katikati, magari yamepanga foleni. Nilicheka mpaka nikakohoa." Akatia sahihi polepole. "Huyo mgonjwa wa Alhamisi, mwanangu. Alipona?"

Sikio akatumbukiza busta kwenye mfuko wa ushahidi, akaufunga.

"We mwanangu. Si nakuuliza?"

Akaiokota rimoti, akaiweka kwenye mkono wa kiti, taratibu. Akavaa viatu mlangoni, akaubana mfuko kwapani, akatoka.