Goti Yangu Ilinifundisha Kuacha Mulango Wazi

Mi niko kine. Batu ya Butembo bananiita munganga wa kunyoosha mifupa, ata kama mifupa siigusi. Nanyoosha viungo na misuli. Cabinet yangu iko Kimemi, vyumba mbili nyuma ya duka ya mabati. Na kama leo nasimama mbele yenu bazazi bila fimbo, ni juu kuna batu balinivumilia. Nitabaambia namna ilikuwa, ata pale penye haya.

Mbele ya ajali nilikuwaka mutu mukali. Blouse nyeupe ya munganga, imepigwa pasi, na sheria moja: muzazi anabaki nje. Nilisema mama akiwa ndani, mutoto anadeka. Mutoto akilia, nilisema, "Hapana kulia! We si mwanaume?" Ata ku basichana nilisema vile vile. Municheke tu, muko na haki.

Siku moja mama mumoja, muuzaji wa sombe, majani ya muhogo, ku soko, alileta binti wake Masika, wa miaka sita. Masika alianguka ku muti ya avoka, kiwiko ikavunjika, bakamuweka plâtre, ile bandeji ngumu ya kushika mufupa. Balipoitoa, mukono ulikataa kunyooka. Hakuweza kuvaa nguo pekee yake. Nilifunga mulango, mama akabaki ku kolido, nikavuta ule mukono. Masika aliita mama yake mpaka sauti ikakauka. Mama akagonga. Nikajibu, "Mama, ngoja kwanza, niko ku kazi!"

Baliondoka bila kuaga, na habakurudi tena. Nikasema mu moyo: bazazi ya leo banadekeza batoto.

Wiki mbili kisha pale, nilikuwa natoka Kirumba ku moto, pikipiki ya kukodi. Mvua ilikuwa imepiga, udongo unateleza, na ku kona tukakutana na camion, lori kubwa ya viazi. Motard mwenye kuiendesha akakwepa. Yeye akaangukia mu majani, mi nikaangukia ku jiwe. Nilisikia mufupa unalia mbele ya kusikia maumivu. Nilipoangalia, muguu chini ya goti ilikuwa imegeukia upande ingine.

Baliniweka plâtre kutoka ku paja mpaka ku vidole, miezi mbili. Nyumba yetu iko ku mulima, ngazi tupu, basi bibi yangu Katungu, mama wa mutoto wetu Kavira, akanipeleka Beni, kwa ndugu zake, mu commune ya Ruwenzori. Mi mwenye kuamuru batu, nilikojoa mu kopo, bibi ameishika. Ndani ya plâtre iliwasha, nikakuna na kijiti mpaka damu. Harufu ilitoka pale, mi mwenyewe niligeuza uso.

Balipoikata, ngozi ilitoka kama maganda ya viazi. Muguu ilikuwa nyembamba kama mupini ya jembe, na goti imekauka kabisa. Munganga akaniambia, "Mufupa umeshikana. Lakini goti isipokunjika mu miezi hii, utatembea na muguu ya mbao maisha yako yote." Kine mwenye muguu ya mbao! Nani atamuletea mutoto wake? Nilijifunika blanketi ku uso ili Katungu asione.

Beni kuko kine mumoja, tulisoma pamoja. Alipokuja kunitunza, kwanza alimutoa Katungu inje. Nikauliza kwa nini. Akasema, "Sheria ni yako, confrère, mwenzangu wa kazi. Njo vile ulikuwaka unatuambia." Kisha akaanza kukunja.

Weee! Sikulia machozi ya heshima. Nililia na makamasi, nikaita Katungu, Katungu, kama mutu anazama. Mwenzangu akanipiga ku bega, akasema, "Hapana kulia! We si mwanaume?"

Pale njo nilisikia sauti ya Masika mu masikio yangu. Bakubwa banasema mukuki ku nguruwe ni mutamu, ku mwanadamu ni muchungu. Mi nilikuwa mwanadamu siku hiyo.

Katungu hakugonga. Alifungua mulango, akavuta kiti, akaniwekea mukono ku paji ya uso, namna banafanyaka mutoto mwenye homa. "Pumua, Baba Kavira," akasema. "Niko hapa. Siendi popote." Nikapumua. Mwili ikalegea. Mwenzangu akashangaa: "Tazama, goti imekubali kukunjika! Mbele ulikuwa unaikaza juu ya woga."

Tangu siku hiyo Katungu alikaa ndani kila mara. Tulianza na kitambaa ya maji ya moto, kisha pole pole. Nikisema "simama", mwenzangu anasimama, anaacha kukunja. Siku zingine goti ilivimba, tukapumuzika. Siku zingine nilikata tamaa, Katungu akanikaripia. Miezi ikapita. Fimbo mbili zikakuwa moja.

Niliporudia Butembo, mbele ya kufungua cabinet nilienda ku soko. Mama Masika alikuwa anakata sombe. Aliniona, hakuacha kukata.

"Munganga, nawe unatembea na fimbo?"

"Ndiyo, mama. Nilikuja kuomba musamaha."

Akaweka kisu chini. Kisha akasema, "Uliniweka inje, na mutoto wangu anaita jina yangu. Ile siwezi kusahau."

"Usisahau," nikamuambia. "Lakini mulete tena. Mukono usichelewe. Na we utakaa ndani."

Mama Masika akakubali. Kabla bafike, nilipanga upya ile chumba. Blouse nyeupe nilitoa. Tangu wakati wa Ebola batoto wengi ya kwetu bakiona mutu wa nguo nyeupe banakimbia, na sikuwa nimejiuliza ata siku moja. Nilitandika mukeka chini na vitenge ya rangi, nikaweka kiti ya muzazi karibu na kitanda.

Masika alifika, akasimama ku mulango, mukono umekunjwa ku kifua, ameshika nguo ya mama. Nikakaa ku mukeka. "Leo we njo kine, mi njo mugonjwa," nikasema. "Kunja goti yangu, namna kine mwenzangu alinikunja. Nikisema simama, usimame."

Akasogea. Akasukuma na mukono muzima. Iliuma kweli. "Simama!" Akasimama palepale, macho wazi.

"Na mi nikisema simama?"

"Nitasimama."

Masika akagusa goti yangu. "Ile siku bakikukunja, ulilia?"

Nikamuangalia mama yake, nikaona haya, kisha nikasema ukweli. "Nililia sana. Niliita bibi yangu."

Masika akapanda mu mapaja ya mama yake, akanipatia mukono.

Tulifanya vile mwezi na mwezi, ata siku moja sikuvuta na nguvu. Wasingya, asante sana, Katungu. Wasingya, mwenzangu wa Beni, na Mungu aliyeniacha hai ku ile kona. Nanyi bazazi, nabaomba: plâtre ikitoka, muulize mapema kama kiungo inanyooka, musingoje ikauke. Na mutu akibaambia mubaki inje wakati mutoto anabaita, mukatae. Mimi njo nasema, mimi niliyebafungia.

Juzi mutoto mupya alikuwa analia ku mulango yangu. Masika alikuwa amekuja kusalimia tu. Akamunyooshea mukono, ule ule, umenyooka kabisa, akamuambia, "Ingia. Mama yako atakaa pale ku kiti. Ata munganga mwenyewe alilia."