Habari ya Daraja Niliyoisoma Bure

Ninauza makayabo, samaki wa chumvi, kwa wachimba dhahabu wa Salamabila. Juzi pikipiki niliyopanda iliharibika njiani, kijijini Wamaza, nikakaa kivulini na mama mmoja nisiyemjua, mwenye bandeji mkononi, aliyekuwa akimngoja dereva wake. Tulipozoeana kidogo, nikaanza kujisifu.

“Mimi habari za simu silipii,” nilimwambia. “Jirani yangu analipia gazeti la mtandaoni, kisha ananitumia zote. Kulipia habari ni ujinga, mama.”

“Na zinakusaidia?” aliuliza kwa upole.

“Sana. Juma lililopita nilisoma kwamba daraja limeoza, nikapita njia nyingine. Bila ile habari, mimi na samaki wangu tungeanguka mtoni.”

Dereva wake akafika na pikipiki yake, ambayo huku tunaiita moto. “Mama mwandishi wa habari, moto iko tayari. Leo hatupite tena kwa lile daraja lenye lilikuvunja mukono.”

Uso uliniwaka. Mama hakukasirika hata kidogo.

“Nashukuru wewe ulifika muzima,” alisema.

Nikaushika mkono wake usioumia kwa mikono yangu yote miwili. Nilisema asante.