Siku Wakwe Walipotembea Kinyumenyume

Ilianza Jumanne ya kiangazi, saa kumi alasiri, na hadi leo harufu ya mwanzi mbichi ukitobolewa kwa nondo ya moto hunirudisha pale Lufingo, nikiwa na miaka minane. Sasa niko kidato cha tatu, na mbele ya watu sauti bado hunikauka. Siku ile ilinibidi niseme.

Watu hudhani Rungwe mvua haikatiki. Hawajaona mtelemko wetu mwezi wa tisa. Kwenye shamba la ujamaa la akina mama, maharage yalikuwa yameanza kunyauka. Mama na wenzake wakakata mianzi, wakatoboa mafundo yake, wakaiunganisha toka chemchemi, kupitia kijijini, hadi shambani. Kisha wazee wa kamati wakaamua maji yaishie kwenye baraza la ofisi ya kijiji, walipokuwa wakikaa kutwa nzima.

Kwetu mke hamtazami baba mkwe wake, wala baba mkwe hamtazami yeye. Wakikaribiana, mmoja lazima ajifiche. Na kila mwanamke wa shamba lile alikuwa na mkwe wake barazani pale. Basi maji yakawa yanamwagika matopeni, na wa kuyachota ni sisi watoto tu na vikopo vyetu.

Jumanne hiyo mama alisimama nyuma ya migomba, akaniita kwa sauti iliyofika mpaka ofisini.

"Mwambie babu yako, mianzi tuliibeba sisi. Maji yaende kwenye maharage."

Nikaenda kumwambia babu, mwenyekiti wa kijiji, maneno aliyokwisha kuyasikia. Nilinong'ona.

"Sema kwa nguvu, umemeza panya?" Wazee wakacheka. "Mwambie mama yako, bomba la serikali haliendeshwi na khanga."

Mama hakungoja nigeuke. "Mwambie, hiyo serikali ikija na njaa nitaipikia mianzi!"

Nikarudia neno kwa neno, safari hii kwa sauti. Hakucheka mtu.

"Mwambie tunakuja," mama akaongeza.

Wakatoka migombani wanawake kumi na mmoja, wamejifunika khanga vichwani, wanatembea kinyumenyume wasiwatazame wakwe zao. "Wakwe tunapita jamani!" mmoja akapaza sauti. Mwee, wazee walivyotimka! Babu aliingia ofisini akatorokea dirishani, kiatu kimoja kikabaki barazani. Wanawake wakang'oa mianzi ya mwisho, wakaielekeza shambani, na maji yakaanza kuingia kwenye matuta.

Shuleni nilitaniwa mpaka nikalia. Miaka mingi niliamini mama alikuwa ameikanyaga mila na kuniaibisha. Juzijuzi tu ndipo nimeelewa kwamba hakuvunja kitu. Mila ile ilimfunga babu sawasawa na ilivyomfunga yeye, ila siku zote aliyekimbilia migombani alikuwa mwanamke. Mama alikataa kukimbia, basi.

Asubuhi iliyofuata Jumanne ile, kabla ya shule, nilipita mbele ya ofisi. Babu alikuwa amekaa pale pale, anatazama matope yanavyokauka.

"Wewe, njoo. Kamwambie mama yako arudishe bomba letu."

 Nilimjibu bila kunong'ona:

"Shikamoo babu. Leo maneno sibebi, nimebeba ndoo."

Nikateremka shambani, nikaijaza kwenye mwanzi wa mwisho, nikamwagilia tuta la kwanza mpaka mwisho.