Mkaguzi wa Pua

Niliamini, tena cheti changu cha masomo ya jioni kikiwa kinaning'inia ukutani, kwamba halmashauri ya Birmingham imeajiri mkaguzi wa pua. Kazi yake: kabla hujapewa fleti ya kodi nafuu ndani ya ghorofa jipya la wenye nazo, anakuja kunusa jikoni kwako. Akikuta harufu ya dagaa, jina lako linakatwa.

Habari hizo nilipewa na kinyozi wangu wa Ladypool Road, Mzanzibari, wembe ukiwa shingoni mwangu. Nani abishane na mwenye wembe?

Na nyumba tuliihitaji kweli. Tulikuwa sita katika vyumba viwili hapa Sparkbrook. Ukuta wa chumba cha watoto ulikuwa na ukungu mweusi, mkubwa kiasi cha kudai kitanda chake, na kifua cha kitinda mimba wetu kilipiga filimbi kama birika. Kule Acocks Green, karibu na stesheni, ghorofa jipya lilikuwa linapanda. Mimi nililipenda tangu likiwa shimo, nikaomba fleti humo, na halmashauri ikajibu kwamba itatuma mtu kutukagua.

Basi nikatangaza marufuku. Dagaa, marufuku. Vitunguu, marufuku. Tukala kabichi ya kuchemsha wiki nane zenye urefu wa miaka minane. Hata paka wa jirani alihama. Mke wangu, mzaliwa wa Uvira, wanakoita dagaa ndagala, alivumilia mpaka asubuhi ya ukaguzi wenyewe. Nikasikia mafuta yakilia chwaaa!

"Mama watoto, unatumaliza!"

"Wakitaka wapangaji wasiokula, wakapangishe makaburini. Mimi nakaanga ndagala zangu."

Kengele ikalia. Nikafungua madirisha yote, nikapepea taulo mpaka bega likateguka. Akaingia mama mmoja Mkenya wa halmashauri na faili lake, akavuta pumzi ndefu. Fleti nikaiona inayeyuka.

"Hiyo ni omena?" akauliza, kwa jina la dagaa la kwao.

Nikaungama yote: pua, kinyozi, kabichi. Akacheka hadi akakalia kitanda cha mtoto, mke wangu akamwekea sahani. Alipomaliza kujilamba vidole, akafungua faili.

"Bwana, mjenzi hakupewa kibali mpaka akubali kutenga baadhi ya fleti kwa kodi nafuu. Hilo ni sharti, si hisani yake, na wa kuingia hatuwachagui kwa harufu. Mko juu kwenye orodha kwa sababu mmebanana na mtoto anaumwa. Nimekuja kuhesabu vitanda na kuuona huo ukungu. Basi."