Saa Sita Nilizoudai Mgodi

Sipendi kulisimulia jambo hili, lakini kwa kuwa kila mke wa mchimbaji kutoka hapa Geita mpaka kwetu Kishapu ameshalisikia na kulitia chumvi anavyotaka, afadhali mlisikie kwangu mimi niliyelitenda: siku ya malipo, mtoto mgongoni na khanga mpya kifuani, nilisimama mbele ya wanaume wa mgodi mzima nikauita mgodi mwizi, huku mwizi mwenyewe yuko mstarini, kichwa chini, ananinong'oneza nirudi nyumbani.

Tulikuwa tunakaa kwenye vibanda vya nyasi upande ule upepo unakopeleka vumbi la kinu cha kusagia mawe, vumbi linaingia kwenye ugali, linaingia kwenye maji, linaingia kifuani mwa mwanangu Shija, ambaye alikuwa hajamaliza mwaka na alikohoa kama mzee wa tumbaku. Jumbe, mkuu wa kijiji, alishatuonyesha kiwanja nyuma ya kilima, mahali pasipo na vumbi, tulichokosa ni pesa ya kumlipa fundi wa kufyatua matofali. Kila kipande kilipojaa Baba Shija aliniletea shilingi kumi na tatu na nusu, tukala, tukalipa dukani, na matofali yakabaki udongo.

(Kipande ni ile kadi ya kazi, kila siku uliyofanya kazi inatiwa alama, zikitimia alama thelathini ndipo unalipwa. Ukiumwa wiki mbili, mwezi wako unarefuka wiki mbili. Wengi walikuwa wakihesabu kwa mwezi wa angani wakalia wameibiwa, mimi kosa hilo sikulifanya, nilisoma mpaka madarasa ya juu kwa masista. Mimi nilifanya la kwangu.)

Basi wenye mgodi wakabandika tangazo langoni: kazi ni 7 mpaka 4, na mtu yeyote asilipwe chini ya senti tano kwa saa. Wanawake wakaniita kisimani niwasomee, na hapo ningesoma nikanyamaza leo nisingekuwa na mkasa, lakini Mama Minza, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, akasema, "Wewe msomi, tupigie hesabu, kipande kizima ni shilingi ngapi?" nami nani wa kukataa kuitwa msomi mbele za watu?

Nikachukua kijiti nikachora chini. Nikawaeleza kwa madaha kwamba saa za Wazungu zinaanzia katikati ya usiku na zetu zinaanzia alfajiri, hivyo saba yao ni saa moja yetu ya asubuhi. Hapo nilikuwa sawasawa. Ilipofika ile nne, nami nilitakiwa kuigeuza iwe saa kumi jioni, sikuigeuza, na sababu naijua: Baba Shija alikuwa akiingia nyumbani kila siku saa nne ya usiku, anajitupa karibu na mafiga na kusema, "Kazi, mama, kazi." Mume wa Mama Minza naye vilevile. Nne ikakaa mahali pake vizuri mno, kama kifuniko na chungu chake.

Kwa hiyo saa moja asubuhi mpaka saa nne usiku, saa kumi na tano. Kwa senti tano, kwa siku thelathini: shilingi ishirini na mbili na nusu.

"Wanatuibia shilingi tisa!" akasema Mama Minza.

Shilingi tisa ndiyo iliyokuwa bei ya yule fundi wa matofali. Mnaelewa sasa kwa nini sikulala.

Siku ya malipo nikaenda, Mama Minza nyuma yangu na wengine nyuma yake, nikaupita mstari wote wa wanaume mpaka kwenye dirisha la Bwana Athumani, karani, mtu wa pwani asiyepandisha sauti hata akikanyagwa.

"Shikamoo, Bwana Athumani."

"Marahaba, Mama Shija. Mtoto hajambo?"

"Mtoto anakohoa, na nyie mnaiba saa."

Akaweka kalamu chini taratibu. "Saa zipi, mama?"

"Sita kila siku! Mume wangu anafanya kazi saa kumi na tano, mnamlipa tisa. Tangazo mmeandika wenyewe, kiwango mmeweka wenyewe, halafu mnakula wenyewe!" Nilisema mengine pia ambayo masista hawakunifundisha.

"Na hapa anatoka saa ngapi?"

"Saa nne usiku."

Halafu kicheko kikaanzia nyuma kabisa, kikaja mbele kama moto wa nyasi, na Shija akashtuka mgongoni akaanza kulia.

"Mama Shija," Bwana Athumani akasema, tena kwa upole, na upole wake uliniuma kuliko vicheko, "ile nne ni ya kizungu. Chuma cha kufunga kazi kinagongwa saa kumi jioni. Saa kumi na moja hapa hayupo mtu ila mlinzi na paka wake."

Sauti ikatoka mstarini, ikimwita mume wangu kwa jina: "Masanja! Hizo saa sita unalipwa na nani?"

"Analipwa na njuga!" akajibu mwingine, na mwenzake akapiga miguu chini, pu-pu, pu-pu, akirusha jembe lisilokuwepo na kulidaka.

Mama Minza akaniuliza, "Njuga gani?" lakini alikuwa ameshamwona mumewe akijificha nyuma ya nyapara, nami nilikuwa nimeshakumbuka jembe letu, ambalo Baba Shija aliniambia ameliazimisha. Ngoma ya majembe! Mtu aliyeapa mbele ya padri na mbele ya baba yangu kwamba ngoma ameacha, anatoka kusukuma vigari vya mawe, anapita njia ya bondeni, anafunga njuga na kurusha jembe hewani mpaka saa nne, mwanawe anakohoa.

Nikaomba radhi pale dirishani. Bwana Athumani akasema, "Hesabu yako ya kuzidisha ilikuwa safi, mama," na mpaka leo sijui alikuwa ananifariji au ananimaliza. Kutoka dirishani mpaka langoni sijawahi kutembea njia ndefu kama ile.

Nyumbani sikupiga kelele. Nilimpa chakula, nikangoja anawe.

"Mayu," akaanza, akiniita mama kwa Kisukuma kama afanyavyo akiwa na kosa, "mashindano yamekaribia, nisingeweza kuwaacha wenzangu."

"Kiwango cha chini ni senti tano kwa saa," nikamwambia. "Saa sita kwa siku, kipande kizima ni shilingi tisa. Nilizidai kweli, ila niligonga dirisha la mtu mwingine. Zilete."

"Shilingi tisa nitatoa wapi?"

"Huna shilingi. Jembe unalo."

Kesho yake jembe lilirudi, limeng'aa kama sahani ya harusi, na chuma kilipogongwa alikwenda nyuma ya kilima kuchimba udongo na kufyatua matofali, mpaka saa nne, siku zote za kipande, huku wacheza ngoma wenzake wakipita njiani na kumwimbia. Hasira zangu hazijaisha, msidhani, lakini naziandikia ndani ya kuta nne za matofali hayo na Shija amelala bila kukohoa.

Saa ya kazi sitaisoma tena kwa nyayo za mume. Siku hizi akiniambia leo nitarudi saa nne, namwuliza kwanza, "Nne ya nani?"